Kushika Moja au Mbili: Historia ya Kuchagua Kazi Mbingu na Bonde la Kilombero

Mbingu ni kata iliyo kusini-magharibi mwa Ifakara, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, mkoani Morogoro. Upande mmoja Milima ya Udzungwa inashuka na msitu wake hadi karibu na nyumba za watu; upande wa pili bonde linafunguka mpaka Mto Kilombero, ambao kila masika hufurika na kuigeuza mbuga kuwa ziwa. Kati ya mlima na maji umebaki ukanda mwembamba wa nchi kavu. Humo ndimo vilimobanana barabara, reli ya TAZARA, makazi na mashamba ya miti. Mgeni hulisoma jina la kata hii akatabasamu. Mwenyeji hana muda huo, kwa sababu kila mwaka ana jambo la kuamua: nguvu zake aziweke mbugani kwenye mpunga, mlimani kwenye miti, stesheni kwenye biashara, au mjini kwenye mshahara.

Swali hilo ni la zamani kuliko kampuni yoyote iliyowahi kufungua ofisi bondeni. Wandamba, watu wa mto, hawakulijibu kwa kuchagua kazi moja. Walilima mpunga maji yalipoanza kupanda, wakavua yalipojaa na yalipopungua, wakasafiri kwa mitumbwi, na waliokuwa na ujuzi waliwinda tembo na kiboko. Kila kazi ilikuwa na msimu wake, na mto ndio uliopanga ratiba. Mafuriko yakizidi, mpunga ulizama lakini samaki waliongezeka. Yakiwa haba, samaki walipungua na mpunga wa mabondeni ukanusurika. Wambunga walioingia bondeni katika karne ya 19, pamoja na Wapogoro wa upande wa Mahenge na Wabena wa upande wa juu wa bonde, nao walijifunza kuishi kwa hesabu hiyo. Katika karne hiyohiyo mchele wa bonde ulikwisha kuwa bidhaa ya kubadilishana na wasafiri wa misafara, lakini haukuwahi kuwa kazi pekee ya mtu.

Waliotaka bonde lishike kazi moja walitoka nje. Utawala wa Kijerumani ulikuja na pamba. Katika maeneo mengi ya kusini-mashariki mwa koloni wananchi walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya pamba ya pamoja, kwa malipo duni, katika miezi ileile waliyohitaji kuwa mashambani mwao. Lazima hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Tarehe 30 Agosti mwaka huo Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma la Mahenge, na silaha za moto zikawarudisha nyuma kwa vifo vingi. Njaa iliyofuata vita ilikuwa kali kuliko vita vyenyewe. Pamba ilirudi baadaye chini ya Waingereza, safari hii kwa kodi na ushawishi zaidi kuliko kiboko, lakini wakulima wa bonde hawakuiacha ikae peke yake shambani.

Waingereza walikuwa na ndoto nyingine, ya maji. Mwaka 1929 ilichapishwa ripoti ya A. M. Telford kuhusu namna ya kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero, na takriban miaka 30 baadaye wataalamu wa FAO walipima bonde zima la Rufiji upya. Karatasi zilikuwa nyingi kuliko mifereji. Kilichosimama kweli ni sukari. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, kiwanda chake cha kwanza kikaanza kazi miaka miwili baadaye, kikafuatwa na cha pili katika miaka ya 1970. Baada ya Azimio la Arusha kampuni ikawa mali ya umma, na mwaka 1998 sehemu yake kubwa ikauzwa kwa Illovo ya Afrika Kusini. Kidatu, kwenye eneo la viwanda hivyo, na vijiji vinavyoizunguka vilipata mji, ajira na maelfu ya wakulima wa nje wanaokiuzia kiwanda miwa yao.

Mbingu haikupata chochote katika hayo, na sababu yake ni ya kikemia zaidi kuliko ya kisiasa. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na ukikaa siku chache bila kusagwa thamani yake imekwenda. Kutoka Mbingu hadi Kidatu ni zaidi ya kilomita 100 za barabara ambayo kwa miongo mingi ilikuwa tope wakati wa mvua. Umbali huo ulikwisha kuwachagulia watu kabla wao wenyewe hawajachagua. Tabia ya zao baada ya kuvunwa ndiyo inayoamua nani aweze kulifanyia biashara, na jambo hilo litarudi kwenye kokoa.

Reli ndiyo iliyobadilisha hesabu ya Mbingu. Ujenzi wa TAZARA, kwa mkopo wa China usio na riba, ulianza rasmi Oktoba 1970, na kufikia mwishoni mwa 1971 njia ilikuwa imetoka Dar es Salaam hadi Mlimba. Reli nzima ya kilomita 1,860, hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa Julai 1976. Maelfu ya vijana walifanya vibarua pamoja na mafundi wa Kichina. Wengi walitoka mikoa mingine, na baadhi yao hawakurudi kwao: waliona ardhi yenye maji kando ya njia waliyoijenga wenyewe, wakaomba mashamba. Katika miaka hiyohiyo sera ya vijiji vya ujamaa ilizikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika na kuzileta karibu na reli na barabara. Ramani ya leo ya vijiji kati ya Ifakara na Mlimba imetokana kwa kiasi kikubwa na mambo hayo mawili.

Waliopanga reli hiyo walifikiria shaba ya Zambia. Waliokaa kando yake walifikiria debe la mchele. Treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni, iligeuka soko linalotembea. Mchele na ndizi vilipanda bondeni, viazi na mboga vikashuka kutoka nyanda za juu za Makambako, na nguo, chumvi na sabuni zikaja kutoka mjini. Mwanamke mwenye magunia mawili aliweza kuyapeleka mwenyewe hadi kwenye bei nzuri bila kumngoja tajiri mwenye lori. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyeandika kitabu kizima juu ya reli hii, ameonyesha kuwa biashara ya vifurushi ilikuwa na uzito mkubwa katika maisha ya watu wa ukanda huu. Kwa kaya nyingi kazi ilikuwa ni kuunganisha: shamba la mpunga likitoa mtaji wa biashara, biashara ikilipa vibarua wa palizi, na mtoto mmoja akipelekwa kusoma Ifakara.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema bado, kwamba mshika mbili moja humponyoka. Katika bonde la mafuriko methali hiyo haina nguvu hiyo. Aliyeshika moja ndiye aliyeponyokwa mara nyingi zaidi.

Ifakara yenyewe ilikuwa ikikua kwa njia nyingine, na hapo ndipo palipotokea mfano wa awali na ulio bora wa taasisi kujua pa kuelekeza nguvu. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa na kituo na hospitali, ile ambayo leo ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1949 alifika Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, na mwaka 1957 Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ikafungua maabara ndogo mjini hapo. Geigy hakuanza na malaria. Alivutiwa na papasi, kupe laini wa sakafu za udongo wanaoeneza homa ya kurudiarudia, na pia na malale. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, kilianza kituo cha kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Kwa kijana wa Mbingu aliyemaliza shule, hicho kilikuwa kitu kipya kabisa: kazi ya kusomea karibu na nyumbani, isiyotegemea mvua.

Kadiri miaka ilivyokwenda, maabara ilizidi kuegemea kwenye ugonjwa uliokuwa ukiua zaidi bondeni. Mwaka 1996 ikawa kituo cha Kitanzania chenye uongozi wake, na leo inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 ndipo ulipofanyika mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Kufikia wakati huo ilikuwa inajulikana kwamba chandarua chenye dawa huzuia malaria. Lililokuwa halijajulikana ni namna ya kukifikisha kitandani kwa mtoto wa kijijini, na akitumie. Mradi ulilishika swali hilo moja. Vyandarua vilipewa jina ambalo halikuhitaji maelezo, Zuia Mbu, vikauzwa kwa bei nafuu kupitia wenye maduka, na idadi ya watoto waliokufa na waliopona ikafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, matumizi ya vyandarua vyenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika. Mpango wa taifa wa Hati Punguzo, ulioanza mwaka 2004 ili wajawazito wapate vyandarua kwa punguzo, ulisimama juu ya ushahidi huo. Ni nadra mji mdogo wa mwisho wa barabara kubadilisha sera ya nchi, na Ifakara ilifanya hivyo kwa swali moja.

Kupita Mbingu, huko Mngeta, kuna mfano wa upande wa pili. Mwaka 1986 Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Mto Rufiji, RUBADA, na serikali ya Korea Kaskazini walianzisha kampuni ya KOTACO ili kulima mpunga kwa mashine. Wakorea waliondoka mapema miaka ya 1990, wakaacha mashamba makubwa na majengo. Takriban miaka 15 baadaye kampuni ya Agrica kutoka Uingereza, kwa ubia na RUBADA, iliingia katika shamba hilohilo la hekta 5,818 kwa jina la Kilombero Plantations Limited. Ilikuja wakati wake: mwaka 2010, kwenye mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani uliofanyika Dar es Salaam, ulizinduliwa mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, na Mngeta ikawa shamba la kuonyeshwa wageni.

Kampuni hiyo ilifanya mambo mengi kwa pamoja, na mengi yake yalikuwa mazuri yakitazamwa moja moja. Ililima, ikaweka umwagiliaji katika sehemu ya shamba, ikajenga kinu na maghala, ikazalisha umeme kutokana na pumba, ikauza mchele, na ikawafundisha maelfu ya wakulima wa jirani kilimo shadidi, yaani kupanda mche mchanga mmojammoja kwa nafasi na kwa maji kidogo. Wakati huohuo ililazimika kujibu malalamiko ya familia zilizokuwa zikiishi na kulima ndani ya mipaka ya shamba. Kila shughuli ilihitaji mtaji wake, na mapato yote yalitegemea bei ya kitu kimoja tu, mchele. Mwaka 2013, mchele wa kutoka nje ulipoingia nchini bila ushuru na bei kuporomoka, hapakuwa na mkono wa pili wa kushikia. Madeni yalizidi, na kufikia mwaka 2019 kampuni ilikuwa imeanguka. Kosa halikuwa mpunga. Mpunga wa wakulima wadogo, hasa mbegu ya SARO 5 iliyotolewa mwaka 2002, uliendelea kujaza magunia Ifakara miaka yote hiyo. Kosa lilikuwa kubeba mnyororo mzima kwa mkopo.

Wakati Mngeta ikitangazwa kwenye mikutano, kokoa ilikuwa Mbingu bila mtu kuitangaza. Miti ilikuwa imepandwa kwenye ukanda ule wa kati, chini ya migomba na miti mirefu, mahali ambapo maji ya mafuriko hayafiki na unyevu wa mlima unafika. Mkulima alivunja tunda, akatoa mbegu zenye utando mweupe mtamu, akazianika hivyohivyo juu ya mkeka au turubai, kisha akawauzia madalali waliopita. Kokoa ya Tanzania iliyokuwa na jina ilitoka Kyela. Ya Kilombero ilichanganywa na nyingine.

Mwaka 2013 Simran Bindra na Brian LoBue walianzisha Kokoa Kamili hapo Mbingu. Kampuni hiyo haikuanza kwa kutafuta maelfu ya hekta, wala haikujenga kiwanda cha chokoleti. Ilichagua hatua moja iliyo katikati, ambayo wenye mashamba walikuwa wakiiruka na watengenezaji wa chokoleti hawawezi kuifanya wakiwa mbali: kuvundika.

Kuvundika ndiko kunakoifanya kokoa iwe chokoleti. Mbegu mbichi ni chungu na kali, na hata ikikaangwa haitoi ile ladha inayojulikana. Ikirundikwa kwenye sanduku la mbao na kufunikwa, hamira ya asili hula sukari ya ule utando na kutoa kileo. Kisha hewa ikiingia, bakteria hugeuza kileo kuwa siki, na rundo hupata joto la nyuzi 45 hadi 50. Joto na siki huua kiini cha mbegu, kuta za ndani hupasuka, na humo ndimo zinamoanza kutengenezwa ladha. Kazi hiyo huchukua siku tano hadi saba, na rundo hugeuzwa kutoka sanduku hadi sanduku ili hewa isambae. Baada ya hapo mbegu huanikwa juu ya vichanja hadi unyevu ushuke kufikia kama asilimia saba.

Tatizo ni kwamba rundo dogo halishiki joto. Mkulima mwenye nusu ekari huvuna ndoo moja au mbili kwa wiki, na ndoo hiyo haiwezi kujivundika vizuri, hata mwenyewe awe hodari namna gani. Uzembe hauhusiki hapa. Ni wingi tu unaokosekana. Yeyote atakayezikusanya ndoo za kaya nyingi siku hiyohiyo, zikiwa mbichi, anakuwa na kitu ambacho hakuna kaya inayoweza kuwa nacho peke yake. Na kwa kuwa kokoa mbichi, kama muwa, haiwezi kusafiri mbali wala kungoja, mkusanyaji lazima akae kijijini. Umbali ulioinyima Mbingu sukari ndio uliompa faida aliyekubali kujenga masanduku yake Mbingu badala ya Dar es Salaam.

Kununua kokoa mbichi kuna sifa mbaya kwingineko. Kyela kuna neno lake, njemke: mnunuzi humfuata mkulima mwenye shida ya fedha, akamnunulia zao lingali bichi au lingali mtini kwa bei ya kutupa, na viongozi wa huko wamelipiga vita jambo hilo kwa miaka. Kitendo ni kilekile, kupokea mbegu mbichi mkononi mwa mkulima. Tofauti imo katika bei na katika kinachofuata. Kokoa Kamili ilijenga biashara yake kwa kuilipia kokoa mbichi zaidi ya bei ya soko la hapo, kwa sababu wanunuzi wake hawakuwa viwanda vikubwa vinavyochanganya kila kitu. Walikuwa watengenezaji wadogo wanaoandika jina la asili ya mbegu juu ya karatasi ya chokoleti. Dandelion ya San Francisco na Raaka ya New York ziliuza chokoleti zenye jina la Kokoa Kamili, na Original Beans ya Ulaya ikaita yake Udzungwa. Kampuni ilianzisha pia vitalu na kugawa miche. Kwa mtazamo wa haraka hiyo ni kazi nyingine, lakini sanduku lisilo na mbegu ni mbao tu.

Zaidi ya kaya elfu moja zimewahi kupeleka kokoa kwenye kampuni hiyo. Uchaguzi wa kampuni na uchaguzi wa mkulima, hata hivyo, havikuwa kitu kimoja. Kampuni ilibana kazi yake hadi kwenye hatua moja. Mkulima hakubana. Aliongeza kokoa juu ya mpunga, akaacha migomba isimame kama kivuli na kama chakula, na akaendelea kufuga kuku. Ushauri unaotolewa sana kwa vijana wanaoanza biashara, kwamba wachague jambo moja na kuacha mengine yote, unamfaa mwenye kampuni ambaye hasara yake ina mipaka ya kisheria. Kaya haina mfilisi. Ikikosea, inalala njaa.

Soko la dunia lilithibitisha hilo punde. Zaidi ya nusu ya kokoa ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana, na magonjwa ya miti pamoja na hali mbaya ya hewa huko vilipopunguza mavuno, bei ya tani moja katika soko la New York ilipita dola 10,000 mwishoni mwa Machi 2024, baada ya miaka mingi ya kuzunguka kati ya 2,000 na 3,000. Mwishoni mwa mwaka huo ilipita 12,000. Mwaka 2025 ikashuka tena kwa kasi. Aliyekuwa na miti tayari inayozaa alinufaika na kupanda huko. Aliyeng'oa zao lingine ili awahi bei hakuwahi kitu.

Mche wa kokoa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mti ukitunzwa unaweza kuzaa kwa miaka 25 au zaidi. Mpunga huvunwa miezi minne hadi sita baada ya kupandwa. Mashamba ya Mbingu yana yote mawili, kokoa upande wa mlima na mpunga upande wa mto, na reli inapita katikati.